Hadithi za mahujaji wa Canterbury: ushahidi au porojo?

SWALI: "Ninafundisha fasihi sekondari na jioni nasoma shahada ya uzamili. Katika rasimu ya tasnifu yangu niliandika kwamba hadithi za Chaucer 'zinaonyesha jinsi Waingereza wa karne ya 14 walivyoishi'. Msimamizi wangu aliizungushia sentensi hiyo kalamu nyekundu, akaandika pembeni: 'Una uhakika?' Basi, hakuongeza neno. Mimi nilidhani hizi ni ngano za watu wa kawaida kama zetu, ila zimekusanywa na mtu mmoja. Na yule mwanamke wa Bath aliyeolewa mara tano na kusema lolote linalomjia, je, hathibitishi kwamba wanawake wa wakati ule walikuwa na uhuru wao? Na watu wa kanisa, walikuwa walaji wote? Nasoma tafsiri ya Kiingereza cha leo kwa sababu kile cha asili kinanishinda. Naharibu kazi?"

JIBU: Mwalimu, pole na kalamu nyekundu. Msimamizi wako amekutendea hisani, ingawa wino wa mstari mmoja zaidi usingemfilisi. Kuziamini hadithi hizi si kosa. Kinachokuponza ni neno moja, "zinaonyesha". Hadithi husemwa na mtu fulani, mbele ya watu fulani, naye ana lake analolitafuta. Ukimwondoa mtu huyo na wasikilizaji wake unabaki na kisa kitupu, na kisa kitupu hakisemi lolote kuhusu Uingereza.

Tuanze na hilo la ngano. Ngano zetu hazina mwenyewe. Bibi anasema paukwa, tunaitikia pakawa, na hakuna anayeuliza nani alizitunga. Hadithi za Canterbury, zile ambazo mahujaji wanasimuliana njiani kuelekea mji huo wa Uingereza, zina mwenyewe, tena tunamjua mpaka marupurupu yake: mwaka 1374 mfalme Edward III alimpa Geoffrey Chaucer mtungi wa mvinyo kila siku, na mwaka huo huo akawekwa kuwa mkaguzi wa ushuru wa sufu na ngozi katika bandari ya London. Alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo. Ujanani alitumikia katika nyumba ya mke wa mwana wa mfalme, akatekwa vitani Ufaransa, na mwaka 1360 mfalme akachangia pauni 16 za kumkomboa. Baadaye alitumwa Italia kwa kazi za serikali. Hadithi hizi alianza kuziandika karibu mwaka 1387, na alipofariki mwaka 1400 alikuwa hajazimaliza.

Kazi ya forodha isikupite hivi hivi. Miaka 12 mtu huyu alikaa gatini akihesabu mizigo na kupishana na mabaharia, matajiri wa sufu, madalali na makarani. Ukiusoma utangulizi wake utaona anawatambulisha watu kwa kazi zao kuliko kwa majina: Mwenye Kinu, Nyapara, Mpishi, Mwanasheria, Nahodha. Jicho lile ni la mtu wa daftari.

Visa vyenyewe vingi aliviazima. Hadithi ya Naiti, yaani askari mwungwana wa farasi, ameitoa kwa Boccaccio, mwandishi wa Italia. Ya mke mvumilivu Griselda ameipata kwa Petrarch, Mwitalia mwingine. Na kuna moja ambayo nina hakika unaijua bila kujua kwamba ni yake. Walevi watatu wanatoka baa kwenda kumtafuta Mauti wamuue. Mzee mmoja anawaelekeza kwenye mti, na chini yake wanakuta lundo la dhahabu. Mdogo wao anatumwa mjini kuleta mkate na mvinyo. Wale wawili wanapanga kumuua akirudi, na yeye huko aliko ananunua sumu. Wote watatu wanakufa. Kama umewahi kuketi darsani msikitini umesikia kisa cha Nabii Isa na yule mtu wa mikate mitatu, kinachoishia kwa wezi watatu na dhahabu na chakula chenye sumu. Imam Ghazali amekiandika karibu miaka 300 kabla ya Chaucer. Wabudha nao wanacho cha namna hiyo katika hadithi zao za Jataka, na hizo ni za kale zaidi. Kisa kilichotembea hivyo hakiwezi kuwa ushahidi wa tabia ya Waingereza. Kilicho cha Kiingereza ni nguo alichovishwa. Walevi wale wanatoka baa kwa sababu tauni inaua, na kengele ya maiti inalia nje. Na msimuliaji ni Muuza Msamaha, mtu anayezunguka na vyeti vya kanisa vya kuondolea adhabu ya dhambi, na mifupa ya nguruwe anayodai ni masalia ya watakatifu, na foronya anayosema ni shela ya Bikira Maria. Amekwisha kuwaambia wenzake waziwazi kwamba ni tapeli. Akimaliza kusimulia ubaya wa tamaa anawageukia hao hao: haya, nani atatoa cha kwanza?

Kwa hiyo kila hadithi isome pamoja na mdomo unaoisema. Ukishika hilo, nusu ya tasnifu imesimama.

Sasa nikupeleke kwenye ukurasa ambao mimi, baada ya kufundisha kitabu hiki kwa muda mrefu, bado naona ndio wenye thamani kuliko yote kwa mtu anayetafuta jamii. Mahujaji 29 wamekutana kwenye nyumba ya wageni iitwayo Tabard, Southwark, ng'ambo ya mto Thames, wakielekea kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa lake huko Canterbury tarehe 29 Desemba 1170. Ni safari ya karibu kilomita 90. Mwenye nyumba ya wageni anapendekeza mashindano: kila mmoja asimulie hadithi mbili kwenda na mbili kurudi, na mshindi alipiwe chakula cha jioni na wenzake. Chakula hicho kiliwe wapi? Kwake, bila shaka. (Ahadi hiyo ingezaa hadithi zaidi ya 100. Tunazo 24, na baadhi zimekatika katikati.)

Kura inamwangukia Naiti, mwenye cheo kikubwa kuliko wote, na Chaucer anaachia tabasamu dogo kuhusu bahati hiyo. Naiti anasimulia vizuri, kwa urefu: vijana wawili wa ukoo bora, binamu, wanampenda binti mmoja waliyemwona kupitia dirisha la gereza, nao wanapigana kwa heshima na taratibu zote mbele ya mtawala. Mwenyeji anamgeukia Mtawa, maana baada ya mkubwa wa wapiganaji huja mkubwa wa wasalio. Ndivyo jamii ilivyofundishwa kanisani: kuna wanaosali, kuna wanaopigana, kuna wanaofanya kazi, na kila mtu abaki alipowekwa. Mara Mwenye Kinu, aliyelewa hata juu ya farasi hakai sawa, anapayuka: na mimi ninayo, ya kumlipa Naiti. Mwenyeji anamsihi angoje, mtu bora kuliko yeye atangulie. Anakataa. Ama aseme, ama aondoke zake. Mwenyeji anashindwa.

Anachosimulia ni hadithi ya Naiti iliyopinduliwa miguu juu. Wanaume wawili tena, mwanamke mmoja tena, dirisha tena, ila sasa ni nyumbani kwa fundi seremala wa Oxford, na kinachotolewa dirishani gizani kubusiwa nisingekitaja mbele ya wakwe zangu. Kabla kicheko hakijaisha Nyapara amekasirika, kwa sababu yeye ujanani alijifunza useremala. Analipiza kwa kisa cha mwenye kinu mwizi aliyeumbuliwa na wanafunzi wawili wa Cambridge.

Wanafunzi wengi huona hapo ugomvi wa walevi tu. Tazama kazi zao. Katika shamba la kabaila, watwana wengi walilazimika kusaga nafaka kwenye kinu cha bwana na kukatwa sehemu yake kama malipo. Mwenye kinu ndiye aliyepima, na kila mtu aliamini anapunja. Nyapara ndiye aliyemtunzia bwana hesabu, na mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa mtwana aliyeteuliwa kuwasimamia wenzake. Watu wawili wanaokula kutoka gunia moja, kila mmoja akijua mkono wa mwenzake umeingia hadi wapi. Hasira hiyo Chaucer hakuitunga.

Weka juu yake miaka ile. Tauni iliingia Uingereza mwaka 1348 na ikaondoka na kati ya theluthi na nusu ya watu. Waliobaki wakajikuta wana thamani. Mfanyakazi aliweza kudai ujira mkubwa au kuhamia shamba jirani. Bunge likajibu mwaka 1351 kwa sheria ya vibarua iliyokataza kulipa zaidi ya viwango vya kabla ya tauni. Mwaka 1363 ikaja sheria ya mavazi na vyakula, kila tabaka na kitambaa chake, ambayo haikudumu hata miaka miwili. Ndipo ikaja kodi ya kichwa, msamiati ambao babu zetu nao waliujua vizuri chini ya Waingereza hao hao: peni 4 mwaka 1377, ikapanda hadi peni 12 kufikia 1381. Juni mwaka huo wakulima wa Kent na Essex waliingia London, wakachoma jumba la baba mdogo wa mfalme, wakamkata kichwa askofu mkuu. Mfalme Richard II alikuwa na miaka 14. Waasi wa Essex waliingia kupitia lango la Aldgate, na vyumba vilivyo juu ya lango hilo vilikuwa makazi aliyopewa Chaucer tangu 1374.

Mtu mwenye historia hiyo chini ya sakafu yake ameandika nini kuhusu uasi? Karibu hakuna. Katika hadithi ya jogoo na mbweha kuna mistari michache inayosema kelele za kumfukuza mbweha zilizidi hata zile za Jack Straw, mmoja wa viongozi wa uasi, na kundi lake walipokuwa wakiwaua Waflemi, wageni kutoka Flanders. Uasi mzima unatajwa kama kelele za uwanjani. Lakini miaka 6 baadaye anaandika kuhusu mtu wa chini anayekataa kungoja zamu yake, na anampa nafasi aseme mpaka mwisho. Wapo wanaosema Chaucer alikuwa upande wa wanyonge. Mimi siendi umbali huo. Alimpa zamu, lakini alimpa akiwa mlevi, halafu akamwambia msomaji asiyependa uchafu afungue ukurasa mwingine achague hadithi nyingine. Mtumishi wa mfalme anajua kuacha mlango wa nyuma wazi.

Nije kwa Bibi wa Bath. Yeye ni mfumaji wa nguo, kazi iliyokuwa ikileta fedha kweli magharibi mwa Uingereza. Anasema aliolewa mara ya kwanza akiwa na miaka 12, umri ambao sheria ya kanisa iliruhusu kwa msichana. Amekwenda Jerusalem mara tatu. Hasikii sikio moja, kwa sababu mume wa tano alimpiga alipochana kurasa za kitabu chake cha visa vya wake waovu. Mjane wa wakati ule aliweza kweli kupumua: sheria ilimpa, kwa kawaida, theluthi ya ardhi ya marehemu kwa maisha yake, na katika London mwanamke aliweza kufanya biashara kwa jina lake mwenyewe. Lakini akiolewa tena, mali iliingia mkononi mwa mume. Kwa hiyo hesabu anazofanya Bibi huyu kuhusu waume wazee na mashamba yao zina mantiki ya kisheria. Hapo una ushahidi wa kweli, na unaweza kuuthibitisha nje ya kitabu.

Ila sauti yake usiichukue kama kinasa sauti. Maneno yake mengi yametoka katika vitabu vya wanaume waliowasema wanawake vibaya, hasa kile ambacho Mtakatifu Jerome, mwalimu wa kanisa la kale, alimwandikia mpinzani wake Jovinian kuhusu ndoa na ubikira. Chaucer amechukua matusi yaliyoandikwa kuhusu wanawake akayaweka kinywani mwa mwanamke, naye anayapindua, anayajibu, na mara nyingine anayatimiza. Ndiyo maana wasomi wanagombana hadi leo kama anamtetea au anamcheka. Bibi mwenyewe anauliza: nani aliyemchora simba? Methali ya simba na mwindaji tunayopenda kuinukuu kwenye makongamano, yeye anarejelea nduguye, ngano ya kale ya Aesop ambamo simba anaonyeshwa sanamu ya mtu akimshinda simba, naye anajibu kwamba aliyeitengeneza ni mtu. Na jibu la swali lake lina ucheshi wa uchungu, kwa sababu simba huyu naye kachorwa na mwanamume. Kati ya mahujaji wote, wanawake wanaosimulia ni watatu: yeye na watawa wawili.

Hesabu wasiosema vilevile. Mkulima yumo safarini, Chaucer anamsifu kwa uchapakazi na upole, na hasimulii hata hadithi moja. Watu wa jembe ndio waliokuwa wengi nchini. Ombaomba hawamo kabisa. Ukitaka hasira ya jembe, soma shairi la William Langland la Piers Mkulima, la miaka ile ile. Barua ya padri mwasi John Ball ya mwaka 1381 inalitaja jina hilo la Piers, na hiyo ni hatari ambayo hakuna mhusika wa Chaucer aliyewahi kuileta.

Kuhusu kanisa nitakuwa mfupi. Wapo walaji: Muuza Msamaha, mtawa mwombaji anayebembeleza matajiri, na tarishi wa mahakama ya kanisa anayewatisha wazinzi wamhonge. Lakini yupo pia paroko maskini, ndugu wa tumbo moja na yule Mkulima, anayetembea kwa miguu kwenye mvua kumwona mgonjwa. Kuwasema watu tabaka kwa tabaka ilikuwa aina ya utunzi yenye kanuni zake, na wanakanisa walipigwa humo kila mara. Angalia tu wanaochorwa vibaya zaidi ni kina nani: ni madalali waliosimama kati ya muumini na huduma, walioishi kwa kile wanachokamua. Malalamiko hayo hayahitaji mtu asiyeamini. Wote hao bado walikuwa njiani kwenda kusali.

Usije ukafikiri dawa ni kuacha hadithi na kukimbilia nyaraka. Tangu mwaka 1873 wasomi walikuwa na hati ya 1380 ambamo mwanamke aitwaye Cecily Chaumpaigne anamwondolea Chaucer madai ya "raptus", neno la Kilatini linaloweza kumaanisha kubaka au kutorosha. Vizazi vya watafiti walijenga juu ya hati hiyo. Mwaka 2022 zikatangazwa hati nyingine za kesi hiyo, nazo zikaonyesha Cecily na Chaucer wakiwa upande mmoja: walishtakiwa na mwajiri wa zamani wa Cecily, kwa sheria ile ile ya vibarua niliyokutajia, kwamba aliacha kazi na Chaucer akampokea. Hata karatasi ya mahakama ina msemaji na sababu yake. Na ona jinsi tauni ilivyofika mpaka mlangoni kwa mshairi.

Tafsiri ya Kiingereza cha leo haiharibu kazi kwa kufuata kisa. Kwa kunukuu na kuchambua haitoshi, maana mara nyingi hulainisha matusi na kupoteza mzaha wa sauti. Lakini nadhani asili inakutisha bure. Kiingereza cha wakati ule kilikuwa hakijageuza irabu zake, kwa hiyo mwenye Kiswahili anaanza mbele ya mwanafunzi wa London. Soma a, e, i, o kama unavyozisoma nyumbani: "name" utamke karibu na "nama", "time" karibu na "tima". Tamka na k ya "knight", na ile gh ikwaruze kama kh ya Kiarabu. Chukua mistari 18 ya mwanzo, isome kwa sauti kila siku kwa wiki mbili, tafsiri ikiwa pembeni.

Hayo unaweza kuyafanya peke yako. Matamshi kamili hayashikiki kwa macho, kwa hiyo tafuta mhadhiri wa isimu ya Kiingereza idarani kwenu na umwombe saa moja. Ukifika mahali pa kudai jambo kuhusu miswada yenyewe, ambayo ni zaidi ya 80 na haikubaliani hata kwa mpangilio wa hadithi, usiandike kabla ya kuketi na mtu aliyefundishwa kusoma hati za mkono. Na hadithi ya Mama Mkuu wa watawa usiipeleke darasani bila kuongea kwanza na mkuu wa idara. Inawasingizia Wayahudi mauaji ya mtoto, na iliandikwa miaka karibu 100 baada ya Wayahudi kufukuzwa Uingereza mwaka 1290, kwa wasikilizaji ambao wengi wao hawakuwahi kumwona Myahudi. Mwanafunzi akiisoma bila mtu wa kumweleza hayo ataondoka na sumu. Ya Mwenye Kinu nayo, kwa kidato unachofundisha, ningesimulia ule ugomvi wa zamu na kuliacha dirisha limefungwa.

Sentensi yako mimi ningeiandika hivi: "Hadithi za Chaucer zimebeba mabishano ya Waingereza wa mwishoni mwa karne ya 14 kuhusu nani ana haki ya kusema na nani angoje, kama mabishano hayo yalivyosikiwa na mtumishi mmoja wa mfalme aliyeishi London." Mpelekee msimamizi wako hiyo pamoja na ukurasa wa Mwenye Kinu, kabla hujagusa sura ya pili.